Hirizi Chini ya Mlingoti

SURA YA TATU

"Tangazo kwa umma. Kuanzia leo Jumatano, saa tisa alasiri, mashua iitwayo Zuhura, pamoja na kila kilichomo ndani yake, juu yake na chini yake, imewekwa chini ya uchunguzi rasmi. Hakuna mtu atakayeigusa, kuiegemea wala kuikalia bila idhini ya maandishi ya Mpelelezi Mkuu. Atakayekaidi atachukuliwa hatua kali zisizo na mfano."

Tangazo hilo lilisomwa kwa sauti nzito kutoka juu ya kreti ya soda, ukingoni mwa mto hapa Maparoni, na Mpelelezi Mkuu mwenyewe. Umma uliohudhuria ulikuwa wanawake wawili walioanika uduvi, pamoja na mbuzi wa Fundi Badru, ambaye wakati huohuo alikuwa ameiegemea mashua bila idhini ya maandishi. Mpelelezi Mkuu alipokuwa akikunja karatasi, shangazi yake aliita kutoka uani.

"We Sufiani. Ukimaliza kusoma, mtungi hauna maji."

Mpelelezi Mkuu akaenda kuteka maji.

Mpelelezi Mkuu ndiye mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu, nimerudishwa nyumbani kutoka shule ya bweni baada ya wanafunzi wote kugomea maharage yaliyokuwa na wakazi ndani. Nilirudi na sanduku la bati, suruali mbili, na imani kwamba mtu aliyesoma fizikia anaweza kutatua jambo lolote.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Baba mkubwa Khamisi, kaka yake shangazi Mwanamina, alikuwa mahututi, yuko Mafia, anapewa maji kwa kijiko. Miaka kumi na moja nyuma, mama yao alipofariki hapa Maparoni, Khamisi alikuwa na chombo kizima na bahari imetulia, na hakuvuka kuja kuzika. Shangazi alimtumia neno: tusionane mpaka kiama. Hawakuonana. Sasa Khamisi alikuwa ameleta ujumbe mmoja tu: "Mwanamina aje anipe radhi." Shangazi alikaa na ujumbe ule siku mbili kimya. Siku ya tatu akasema atakwenda. Watu wakamshauri apeleke barua.

"Neno baya lilitoka kinywani," alisema. "Litarudishwa kwa kinywa."

Kuvuka sasa. Tangu boti ya ushirika ilipouzwa, aliyekuwa akivusha watu ni Shaban, mchuuzi wa kamba, kwa boti yake ya mashine. Lakini shafti ya mashine ilikuwa imekatika, na nyingine ilikuwa inangojwa kutoka Dar es Salaam, na barabara ya Kibiti magari yalikuwa hayapiti kwa matope. Ikabaki Zuhura, mashua ndogo ya tanga ya marehemu mume wa shangazi, iliyokuwa imekaa miaka minne juu ya ukingo, katikati ya mikoko.

Uzito wa kesi uko hapo kwenye neno juu. Maji ya kila siku hayaifikii Zuhura. Yanayoifikia ni ya bamvua tu, siku chache mwezi unapoandama na siku chache ukiwa mpevu. Yanafika, yanakaa muda wa kula sahani ya wali, yanaondoka. Chombo kikipitwa na bamvua kinangoja jingine, siku kumi na nne. Bamvua lile lilikuwa linaisha Jumamosi alasiri. Mgonjwa wa kijiko hawezi kuambiwa asubiri siku kumi na nne.

Mikosi haikuanza na hirizi. Wiki iliyotangulia, debe la mafuta ya papa, yale yanayopakwa mbao zisiliwe na chumvi, lilikutwa limelala kifudifudi na mchanga umekunywa yote. Tanga, lililoungwa kwa magunia ya unga, lilikutwa na tundu la ukubwa wa sinia. Kisha nguruzi ikapotea, yaani kile kizibo cha tundu la kutolea maji sakafuni mwa mashua, ambacho bila hicho chombo hakina tofauti na chujio. Kila mkosi ulikula nusu siku. Shangazi hakulalamika. Alikuwa akiletewa habari, anauliza, "Sasa?", anaambiwa kinachotakiwa, anakitafuta.

Jumatano asubuhi ndipo Fundi Badru, aliyekuwa akiitengeneza Zuhura, alipoona mlingoti unacheza. Akaamuru unyanyuliwe kidogo akaze kabari. Ndani ya lile tundu la mkukuni, kwenye uti wa chini wa chombo, linaloshika mguu wa mlingoti, akaona kifurushi cha kitambaa cheusi, kikubwa kama kiberiti, kimeshonwa pande zote.

 Badru alilaza nyundo, akanawa mikono mtoni, akavaa fulana yake, akaenda nyumbani.

Kwa mafundi wa kwetu, chombo kilichotiwa kitu hakigongwi tena hata msumari mpaka moja kati ya mambo mawili litimie. Ama aliyekitia akitoe kwa mkono wake mwenyewe mbele ya watu, ama mwalimu wa Kurani akifungue na kukisoma. Mwalimu Sharifu alikuwa Mtawanya kwenye hitima ya mkwewe. Mtu alitumwa kwa miguu kumfuata. Na alasiri ile mimi nikapanda juu ya kreti.

*

Alhamisi asubuhi nilimhoji Fundi Badru barazani kwake. Nilikuwa na daftari, kalamu mbili za rangi tofauti, na miwani ya jua isiyo na kioo kimoja.

"Jina kamili."

"Juzi umekula wali hapa. Leo hunijui?"

"Ni taratibu, Fundi."

"Badru. Andika Badru. Hao wengine wameshakufa, waache wapumzike."

"Mlingoti ulisimamishwa lini?"

"Jumanne, baada ya adhuhuri. Tundu nililifagia mwenyewe kwa chelewa, hata chembe ya mchanga hamna."

"Basi hirizi ilitiwa baada ya hapo."

Badru alinitazama kama anavyotazama ubao wenye ufa. "Baada ya hapo vipi? Mlingoti ule ni watu wanne. Nani ataunyanyua peke yake, atie kitu, aurudishe?"

Niliandika neno *taratibu* na kulipigia mstari. "Tuje kwenye suala la nguruzi," nikasema.

Suala la nguruzi lilitatuliwa palepale, bila kutaka. Mke wa Badru alipita na dumu la mafuta ya taa, na kilichokuwa kimeziba mdomo wa dumu kilikuwa kigingi cha mti wa mkandaa, kimezungushiwa pamba kwa ustadi mkubwa. Badru alikitazama kwa muda.

"Mama Iman, hicho umekitoa wapi?"

"Ndani ya boksi lako la vyuma. Si ulisema nitafute kizibo?"

"Nilisema utafute kizibo. Sikusema kizibo cha chombo."

"Kizibo ni kizibo," alisema mke wake, akaenda zake.

Kufikia saa sita nilikuwa nimefunga faili tatu. Tanga lilikuwa limeliwa na mbuzi wa Badru, kwa sababu magunia yale yalikuwa bado na unga kwenye mishono. Ushahidi ulipatikana nyuma ya mbuzi. Debe la mafuta aliliangusha nahodha Swalehe mwenyewe, aliyekubali kuivusha Zuhura, akakiri kabla sijamuuliza.

"Nililipiga teke," alisema Swalehe. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ndogo, amekaa chini ya kibanda cha makuti akishona kile kiraka cha tanga. "Nilikuwa nakimbia siafu."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungekuwa wewe ungemwambia Mwanamina?"

Nilifungua ukurasa mwingine. "Nahodha, kuna watu wanasema wewe hutaki kuvuka. Unaogopa mkondo wa kati."

"Naogopa," alisema, akivuta uzi. "Mashua ya miaka minne juani, mtu mwenye akili anaogopa. Lakini mkondo wa kati nauogopa mara moja. Shangazi yako namuogopa kila siku. Nitavuka."

Ikabaki hirizi, na jina moja. Nakiri kwamba jina lile nililitafuta kama mtu anavyotafuta pa kuweka mzigo. Nani anafaidika Zuhura isipoelea? Mwenye boti ya mashine. Nani ana kitambaa cheusi? Mwenye robota la mitumba. Nilikwenda dukani kwa Shaban nikamkuta amelala juu ya robota lenyewe, redio kaseti kifuani, inaimba taarabu kwa betri zinazokufa.

"Bwana mdogo," alisema bila kufumbua macho, "leo hakuna barafu, hakuna kamba, hakuna safari. Sema shida yako taratibu."

"Nataka kukagua vitambaa vyeusi."

Akafumbua jicho moja. "Kwa msiba wa nani?"

Nilikagua. Palikuwa na suruali nyeusi tatu, na moja haikuwa na mfuko wa nyuma. Niliipima kwa rula, nikaandika vipimo. Shaban aliketi.

"Unaandika nini?"

"Kielelezo."

"Sufiani. Misumari ya chombo kile nimeitoa mimi. Pamba nimeitoa mimi. Shangazi yako alininyonyesha miezi minne mama alipokuwa mgonjwa. Hilo nalo liandike."

Sikuliandika. Jioni nilisoma muhtasari wa uchunguzi juu ya kreti, na safari hii umma ulikuwa mkubwa. Sikumtaja Shaban kwa jina. Nilisema tu kwamba mshukiwa ni mtu mwenye biashara ya kuvusha na duka la nguo. Maparoni nzima ina mtu mmoja wa namna hiyo.

Kufikia Ijumaa, Swalehe hakuupokea mkono wa Shaban walipotoka msikitini. Mwanamke mmoja alirudisha gauni. Vijana wawili wa Shaban, waliokuwa wakimsaidia Badru kabla kazi haijasimama, wakazomewa kuwa ni wachawi, wakaenda kuwinga ndege mashambani. Zuhura ilibaki imefunguka mbao mbili za chini, pamba ya kuziba nafasi haijapigwa, na maji ya bamvua yalikuja alasiri, yakailamba, yakaondoka. Nilikaa juu ya kreti nikiyatazama. Shangazi alikuwa upande wa pili, na furushi lake limeshafungwa.

*

Mwalimu Sharifu alifika Jumamosi saa nane, matope mpaka magotini. Watu walikuwa wameshakusanyika mashuani. Alikataa maji ya kunywa mpaka amalize kazi. Badru alimwonyesha tundu. Mlingoti ulikuwa umelazwa pembeni tangu Jumatano, na kifurushi bado kilikuwa palepale, hakuna aliyekigusa. Mwalimu akasoma alichosoma, akakitoa kwa kitambaa, akakata uzi kwa wembe.

Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nane. Aliikunjua. Ilikuwa ya miraba midogo midogo ya kijani, na juu yake palikuwa na mstari unaopanda, halafu unanyooka, na tarakimu pembeni.

Mwalimu aliigeuza juu chini, akairudisha.

"Hii si talasimu ninayoijua," alisema. "Si Kiarabu. Si chochote nilichosoma."

Swalehe alichungulia juu ya bega lake. "Hiyo ni bahari. Tazama, mawimbi yanapanda, yanapanda. Hapa yametulia."

"Yametulia vizuri hivyo?" mtu aliuliza.

"Hapo ndipo tumeshazama," alisema Swalehe.

Watu walirudi nyuma hatua moja. Mwalimu akaikunja karatasi. Alisema kwamba asichoweza kukisoma hawezi kusema amekisoma, na kwa hiyo sharti halijatimia. Labda Utete yupo mtu. Badru aliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyebishana. Maji yalikuwa yameanza kuingia kwenye mikoko. Mnasikia kwanza vishimo vya kaa vinavyotoa mapovu, ndipo mnayaona.

Shaban alipasua umati. Alikuwa amevaa kanzu na kofia, na chini ya kwapa alikuwa na msahafu uliofungwa kitambaa cheupe.

"Mwalimu, nishikishe," alisema. "Naapa mbele ya watu wote. Sikutia kitu katika chombo cha mama yangu. Kama nilitia, watoto wangu."

"Usiwataje watoto," alisema Mwalimu.

"Nitawataja. Watu hawaninunulii hata sindano. Nishikishe."

Mwalimu alinyoosha mkono apokee msahafu. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo, daftari mkononi. Mpelelezi Mkuu alikuwa na maswali mengi ya kuuliza na hakuuliza hata moja.

"Subiri," alisema shangazi Mwanamina.

Hakupaza sauti. Alikuwa ameketi juu ya furushi lake, akainuka kwa kushika ubavu wa mashua.

"Badru. Jumanne mlisimamisha mlingoti. Juu alikuwa nani?"

"Mimi, Swalehe, na vijana wawili wa Shaban."

"Wanne. Wote juu?"

"Wote juu, dada. Mlingoti hauchezewi."

"Na tundu ulilifagia kabla?"

"Nililifagia."

"Na mguu wa mlingoti ulipokuwa unashuka, nani alikuwa chini akiuelekeza uingie?"

 Swalehe alitazama miguu yake.

"Kila mtu anaulizwa hapa tangu juzi," shangazi alisema. "Anaulizwa Badru, anaulizwa Swalehe, mpaka mbuzi kakaguliwa. Yuko mmoja hajaulizwa. Sufiani, Jumanne ulikuwa wapi?"

Shuleni tulifundishwa kwamba mtuhumiwa ana haki ya kukaa kimya. Niliitumia kwa muda mfupi sana. Shaban alikuwa bado ameshika msahafu.

"Nilikuwa chini," nikasema.

"Kuna nini kwenye karatasi?"

"Maji, shangazi. Ni mchoro wa maji yanayochemka. Joto linapanda mpaka yanapochemka, halafu halipandi tena. Ni somo tu."

"Na kitambaa?"

"Mfuko wa suruali yangu ya shule. Nilikishona mwenyewe."

Hakuna aliyecheka, ingawa nilikuwa nimekishona ili watu wacheke. Nilieleza yote. Jumatatu Fundi alikuwa amesema mbele ya watu kwamba nimesomea mifupa ya chura lakini kusokota pamba sijui. Nikataka kumwona anaruka. Nilihesabu ataruka, atapiga ukelele, nitakitoa, nitaonyesha karatasi, itakuwa hadithi ya mwaka mzima bwenini. Hakuruka. Alinawa mikono. Watu wakanyamaza, na katika ule unyamavu sikupata pa kuingilia. Nikapanda juu ya kreti, kwa sababu nani atamshuku mpelelezi.

"Na mimi?" Shaban aliuliza.

"Wewe nilikuzulia."

Alitazama msahafu, akauweka tena chini ya kwapa kwa uangalifu. Hakunipiga. Aliondoka akipita katikati ya maji ambayo sasa yalikuwa ya fundo la mguu, na kanzu yake ikaloa, hakuipandisha.

Badru alikuwa amechuchumaa. Alizungumza taratibu, kama anayepiga hesabu ya mbao.

"Kazi iliyobaki Jumatano ilikuwa ya siku moja na nusu. Ungekitoa kwa mkono wako palepale, ningekuzaba kofi moja, nikaendelea. Alhamisi jioni tunapaka mafuta. Ijumaa alasiri chombo kinaelea. Leo asubuhi dada yuko Mafia, amekaa kitandani kwa ndugu yake." Akagusa ubao wa chini. "Nilidhani ni mtu mwenye nia mbaya. Wa nia mbaya angeogopa, angekuja kukitoa."

Nilimwomba Mwalimu karatasi na kitambaa. Nikavirudisha tunduni, nikavitoa tena kwa mkono wangu mbele ya watu, kama sharti linavyotaka. Sijui nilitaka kutengeneza nini. Maji yalifika mkukuni, yakapanda ubao wa kwanza, yakaingia ndani ya Zuhura kupitia zile nafasi zisizo na pamba, bila papara. Mashua haikuinuka. Ilijaa mpaka usawa wa maji ya nje, ikatulia. Tulisimama tukitazama muda wote wa sahani moja ya wali. Kisha maji yakaanza kurudi mtoni, na tuliyasikia yakimiminika kutoka kwenye mbao, chururu, kwa muda mrefu.

Watu walitawanyika. Shangazi alichukua furushi lake, limeloa chini. Nilimfuata nikitaka kulibeba, hakunipa.

"Shangazi."

Aliendelea kutembea.

"Shangazi, nimekosa. Nipe radhi."

Akasimama. Alinitazama bila hasira, na ningependelea hasira.

"Radhi yangu ina mtu anaingoja Mafia," alisema. "Yeye ndiye wa mbele. Akiipata, na wewe uje uombe yako."

"Na asipoipata?"

Alihamishia furushi bega la pili, akaingia ndani.